MALI IKIKUSANYIKA KWA WACHACHE
Somo la maanguko mawili ya uchumi, 1929 na 2008

Wako watu wengi wanaodhani kwamba utajiri wa tajiri ni jambo lake mwenyewe na jamaa zake. Akiwa na nyumba kumi au mia, yatuhusu nini sisi? Wengine huendelea zaidi na kusema kwamba mti mkubwa una kivuli kikubwa, na kila akaaye chini yake atapata kupumzika. Wengine tena humwonea tajiri wivu, wakadhani kwamba kila mwenye mali ni mwizi. Fikira hizi zote hazitoshi. Somo letu la juma hili halikusudii kuamua kama tajiri ni mwema au mwovu. Twataka kufahamu ni nini hutokea katika nchi nzima wakati mapato yake yanapozidi kutiririka upande mmoja tu, na kwa nini jambo hilo lilitangulia maanguko mawili makubwa ya uchumi wa Marekani, la mwaka 1929 na la mwaka 2008.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Maanguko yale yalivuka bahari, na tutaona baadaye jinsi yalivyofika mpaka katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na migodi ya shaba ya Katanga.

HESABU YA MADEBE MIA

Tuanze kwa hesabu nyepesi. Tuchukue kijiji chenye watu 100, nacho kimevuna madebe 100 ya mahindi. Lau mavuno yangegawanywa sawasawa, kila mtu angepata debe moja. Hakuna nchi igawayo hivyo, wala hatusemi kwamba lazima iwe hivyo. Maana mmoja amelima zaidi, mwingine ana ng'ombe wa kulimia, mwingine alikuwa mgonjwa wakati wa kupanda.

Sasa tazama jinsi mapato ya Marekani yalivyogawanyika mwaka 1928, yaani mwaka mmoja kabla ya anguko la kwanza. Wataalamu wawili wa uchumi, Thomas Piketty na Emmanuel Saez, walizichunguza hesabu za kodi ya mapato za nchi hiyo tangu mwaka 1913. Kwa hesabu yao, katika kila watu 100 yule mmoja aliye juu ya wote alichukua karibu madebe 24. Tisa waliomfuata walichukua karibu madebe 25. Wale 90 waliosalia wakagawana madebe 51 hivi, kila mmoja zaidi kidogo ya nusu debe.

Miaka ikapita. Kufika katikati ya miaka ya 1970 fungu la yule wa kwanza lilikuwa limepungua hata kuwa madebe 9 hivi. Kisha likaanza kupanda tena, na mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya anguko la pili, lilikuwa limerudi karibu na 24.

Tujiulize basi: je, mtu mmoja aweza kula madebe 24? Hawezi. Hata akifanya karamu kila siku atakula mawili au matatu. Yaliyobaki atayaweka ghalani, au atayakopesha. Na wale wenye nusu debe, chakula kikiwaishia kabla ya mavuno mapya, watakopa kwa nani? Watakopa kwake yeye. Mwaka wa kwanza watakopa kidogo, mwaka wa pili zaidi, na kila mwaka sehemu ya nusu debe lao itaondoka kulipa deni la mwaka uliopita. Kijiji chaonekana kinakula na kushiba, lakini kinakula deni. Siku mwenye ghala atakaposhikwa na hofu kwamba hatalipwa, akafunga mlango, ndipo njaa itakapodhihirika. Nayo ilikuwapo tangu zamani. Mfano huu ndio ufunguo wa somo letu lote.

NCHI ILIYOJAA BIDHAA

Baada ya vita kuu ya kwanza viwanda vya Marekani vilistawi kwa namna isiyopata kuonekana. Umeme uliingia viwandani, kazi ikagawanywa kwa utaratibu mpya, na mfanyakazi mmoja akaweza kutengeneza kwa saa moja vitu vingi kuliko baba yake. Mwaka 1929 viwanda vya nchi hiyo vilitoa motokaa zaidi ya milioni 4.

Lakini ujira haukuongezeka sawasawa na kazi. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo mwaka 1920 vilikuwa na wanachama wapatao milioni 5, vilidhoofika hata kubaki na milioni 3 na nusu hivi mwishoni mwa miaka ile. Wakulima nao, waliokuwa sehemu kubwa ya watu wa nchi, waliona bei za mazao yao zikianguka tangu mwaka 1920, na mamia ya mabenki madogo ya vijijini yakafungwa kila mwaka. Wakati huohuo Waziri wa Fedha, Andrew Mellon, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, alipunguza kodi ya wenye mapato makubwa. Kiwango cha juu kabisa kilichokuwa 73 kwa mia kilishuka, kikawa 25 kwa mia mwaka 1925.

Mwaka 1934 chuo cha uchunguzi kiitwacho Brookings Institution kilitoa kitabu juu ya mapato ya jamaa za Marekani katika mwaka 1929. Kilionyesha kwamba karibu jamaa 60 katika kila 100 zilipata chini ya dola 2,000 kwa mwaka, kiasi kilichohesabiwa kuwa chatosha mahitaji ya lazima tu. Na jamaa chache za juu kabisa, moja katika kila elfu, zilipata jumla ya fedha sawasawa na jamaa 42 za chini katika kila mia.

Hapa pana fumbo. Kiwanda kikitengeneza motokaa, majokofu na redio kwa mamilioni, nani atavinunua? Tajiri mmoja hawezi kununua redio elfu. Wanunuzi wa bidhaa nyingi ni watu wengi, nao watu wengi hawana fedha ila ujira wao. Mwenye kiwanda apunguzaye ujira adhani amepata faida. Kumbe, wenzake wote wakifanya kama yeye, amemfukuza mnunuzi wake mwenyewe.

PENGO LAZIBWA KWA DENI

Pengo lile kati ya bidhaa na ujira lilizibwa kwa mkopo. Watu walifundishwa kuchukua kitu leo na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya motokaa zilizonunuliwa na watu wa Marekani zilichukuliwa kwa njia hiyo. Wahenga wetu walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Upande wa pili, fedha za ziada za wenye mali zilikuwa zikitafuta kazi ya kufanya. Kujenga viwanda vipya hakukuwa na faida kubwa tena, maana vile vya zamani vilikuwa vimeanza kukosa wanunuzi. Kazi ya kujenga nyumba ilikuwa imekwisha kupungua tangu mwaka 1926. Basi fedha zile zikakimbilia soko la hisa la New York. Hisa ni sehemu ya umilikaji wa kampuni, na bei yake yapasa ifuate faida ya kampuni ile. Lakini fedha nyingi zilipofuata hisa zilezile, bei zilipanda kwa sababu ya fedha tu. Watu wa kawaida nao wakaingiwa na tamaa. Waliweza kutoa sehemu ndogo ya bei, na fedha zilizobaki wakakopeshwa na madalali kwa rehani ya hisa zenyewe. Mwaka 1929 mikopo ya namna hiyo ilipita dola bilioni 8.

Hivyo deni lilikuwa pande mbili: mnyonge alikopa ili anunue vitu, na mwenye tamaa alikopa ili anunue hisa. Nchi nzima ilionekana inang'aa.

ANGUKO LA 1929

Katika kiangazi cha mwaka 1929 viwanda vilianza kupunguza kazi. Tarehe 3 Septemba kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow Jones kilifikia 381. Tarehe 24 Oktoba hofu ikaingia sokoni, na tarehe 28 na 29 bei zikaporomoka. Siku ya tarehe 29 peke yake ziliuzwa hisa zaidi ya milioni 16. Kila aliyekopa alidaiwa alipe papo hapo; na ili alipe ilimpasa auze; na kwa kuwa wote waliuza, bei zikazidi kuanguka. Mwezi wa Julai, mwaka 1932, kipimo kile kilikuwa 41 tu. Hakikurudi pale kilipokuwa mpaka mwaka 1954.

Lakini si soko la hisa peke yake lililoumia. Wenye madeni waliacha kununua ili walipe. Motokaa zilizotengenezwa mwaka 1932 hazikupita sana milioni moja. Wafanyakazi wakafukuzwa, nao waliofukuzwa wakashindwa kununua, na wengine wakafukuzwa kwa sababu yao. Kati ya mwaka 1930 na 1933 mabenki yapata 9,000 yalianguka, na akiba za wajane na wazee zikapotea pamoja nayo. Mwaka 1933 mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo. Ngano ilikosa mnunuzi, na huku watu walisimama mistari mirefu mijini wakingoja mkate wa sadaka. Nchi haikukosa chakula. Watu ndio walikosa fedha ya kukinunua.

USHUHUDA WA MWENYE BENKI

Katika siku zile alikuwapo mwenye benki mmoja wa jimbo la Utah, jina lake Marriner Eccles. Hakuwa mtetezi wa maskini kwa kazi yake. Baba yake alikuwa tajiri, na yeye mwenyewe alirithi mali na kuiongeza. Mwaka 1931 watu wenye hofu waliijaza benki yake katika mji wa Ogden wakitaka akiba zao. Eccles aliwaagiza makarani walipe polepole kadiri iwezekanavyo, wakitoa noti ndogo ndogo na kuzichunguza sahihi za watu wote, hata za wale waliowajua tangu utoto, mpaka fedha zaidi zilipofika kutoka Salt Lake City. Benki yake ikapona.

Walakini alitambua kwamba kuponya benki moja hakuponyi nchi. Mwezi wa Februari 1933 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, akasema kwamba dawa si kukaza mkanda tu. Kwa maoni yake ilifaa fedha zirudi mikononi mwa wale watakaozitumia, na jambo hilo lilikuwa kwa faida ya matajiri wenyewe. Tangu mwaka 1934 mpaka 1948 mtu huyu alikuwa mkuu wa Benki Kuu ya Marekani. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1951, aliufananisha uchumi wa miaka ya 1920 na mchezo wa karata za fedha. Wachezaji wachache walikuwa wamekwisha kuzikusanya sarafu zote upande wao. Wengine waliweza kuendelea kucheza kwa kukopa tu, na mikopo ilipokwisha, mchezo ukakoma. Aliyeshinda naye akabaki na sarafu nyingi asiye na mtu wa kucheza naye.

MIAKA YA KATIKATI

Baada ya anguko lile Marekani ilibadili sheria nyingi. Mwaka 1933 akiba ndogo za watu katika mabenki ziliwekewa bima, na mabenki ya akiba yakatengwa na biashara ya hisa. Mwaka 1935 wafanyakazi walihakikishiwa kwa sheria haki ya kuungana na kujadili ujira wao, na malipo ya uzeeni yakaanzishwa. Mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kima cha chini cha ujira. Kodi ya mapato makubwa kabisa ilipanda, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950 kiwango cha juu kilikuwa 91 kwa mia.

Waliotabiri kwamba kwa sheria kama hizo nchi itakuwa maskini hawakuona utabiri wao ukitimia. Miaka 30 iliyofuata vita kuu ya pili ilikuwa ya ustawi mkubwa, na katika miaka hiyo halikutokea anguko la mabenki lililofanana na lile la 1930. Hatusemi kila kitu kilikuwa chema; Wamarekani Weusi walinyimwa mengi katika ustawi ule. Lakini ilionekana wazi kwamba nchi yaweza kupata mali na kuigawa kwa mapana zaidi kwa wakati mmoja.

MARA YA PILI

Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mambo yakageuka. Vyama vya wafanyakazi vikadhoofika tena. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashuka kutoka 70 kwa mia mwaka 1981, kikawa 28 kwa mia mwaka 1988. Kima cha chini cha ujira kikakaa dola 3 na senti 35 kwa saa tangu 1981 mpaka 1990, bila kuongezwa hata senti moja, na huku bei zikipanda. Mwaka 1999 ukuta wa sheria uliotenga mabenki na biashara ya hisa ukabomolewa kwa sehemu kubwa.

Jamaa za kawaida zilitaka watoto wao wasome, nyumba zao zisipungue, na maisha yao yafanane na ya wazazi wao. Ujira haukutosha, zikakopa. Kufika mwaka 2007 madeni ya jamaa za Marekani yalikuwa yamepita dola 120 kwa kila dola 100 walizobaki nazo kwa mwaka baada ya kulipa kodi. Wakopeshaji walifika hata kwa watu wasio na mapato ya kutosha, wakawapa mikopo ya nyumba yenye riba ndogo mwanzoni na kubwa baadaye. Kisha madeni hayo yalikusanywa mafungu mafungu, yakauzwa kwa matajiri, makampuni ya bima na mabenki ya dunia nzima kana kwamba ni mali salama.

Bei za nyumba zilianza kushuka mwaka 2006. Wakopaji wakashindwa kulipa. Tarehe 15 Septemba 2008 benki kubwa ya Lehman Brothers, yenye mali ya zaidi ya dola bilioni 600 katika vitabu vyake, ilitangaza kufilisika. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani likaruhusu dola bilioni 700 za serikali zitumike kuokoa mabenki. Mamilioni ya jamaa walipoteza nyumba zao, na mwezi wa Oktoba 2009 watu 10 katika kila 100 wenye kutafuta kazi walikuwa hawana kazi. Na nchi ilipoanza kuinuka, nani aliinuka kwanza? Kwa hesabu ya Emmanuel Saez, katika nyongeza yote ya mapato kati ya mwaka 2009 na 2012, zaidi ya sehemu 90 katika 100 ziliingia kwa yule mmoja wa juu katika kila mia.

JE, NI KWELI KWAMBA LA KWANZA LILILETA LA PILI?

Msomaji mwenye busara atauliza: jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si jogoo aletaye jua. Je, hatukosei tukisema mali kukusanyika ndiko kulikoleta anguko, kwa kuwa tu kulitangulia?

Swali hili ni la haki, na wataalamu wenyewe hawakubaliani. Milton Friedman na Anna Schwartz, katika kitabu chao cha mwaka 1963, walifundisha kwamba anguko la 1929 liligeuka kuwa msiba mkubwa kwa sababu Benki Kuu iliacha fedha zipungue na mabenki yafe. Wengine hulaumu utaratibu wa kufunga sarafu na dhahabu. Mwaka 2012 Michael Bordo na Christopher Meissner walichunguza nchi 14 wakaona kwamba mikopo ikivimba sana hufuatwa na maanguko, lakini hawakuona ushahidi kwamba kuongezeka kwa fungu la matajiri ndiko kunakoivimbisha mikopo hiyo. Hata ile hesabu ya madebe 24 ya mwaka 2007 wako wanaoipinga, wakisema fungu hilo lilikuwa dogo zaidi ukihesabu kodi na misaada ya serikali.

Upande wa pili, Raghuram Rajan, aliyekuwa mkuu wa wachumi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, alionyesha mwaka 2010 jinsi wanasiasa wa Marekani walivyoona rahisi zaidi kumpa mnyonge mkopo kuliko kumpa elimu na ujira bora. Michael Kumhof na Romain Rancière wa Shirika hilohilo walionyesha mwaka huohuo kwa hesabu jinsi akiba ya matajiri inavyoweza kuwa deni la wengine hata mzigo ukavunjika. Na mwaka 2020 Atif Mian, Ludwig Straub na Amir Sufi walizifuata nyayo za fedha zenyewe katika miaka ya karibu, wakaona kwamba sehemu kubwa ya akiba ya wenye mali wa juu iliishia kuwa madeni ya jamaa za chini.

Tuseme nini basi? Tuseme kwa kiasi. Mali kukusanyika kwa wachache si cheche inayowasha moto. Cheche yaweza kuwa benki mbovu, au bei ya nyumba, au kosa la serikali. Lakini huandaa nyasi kavu. Penye deni kubwa la watu wanyonge, cheche ndogo huteketeza nchi. Penye ujira wa kutosha na akiba katika kila nyumba, cheche ileile huzimika.

MOTO HUVUKA BAHARI

Tuliahidi kuonyesha jinsi mambo haya yalivyotufikia. Mwaka 1929 mkonge ulikuwa zao kubwa la kuuzwa nje la Tanganyika, nao ulinunuliwa na viwanda vya ng'ambo. Viwanda vile vilipopunguza kazi, bei ya mkonge ilianguka hata chini ya nusu ya ile ya kwanza. Wenye mashamba walipunguza watu na kukata ujira. Bei za kahawa na pamba nazo zikashuka. Lakini kodi ya kichwa na nyumba ilidaiwa vilevile. Serikali ya Waingereza iliwahimiza watu wapande mazao zaidi, ili kwa bei ndogo wapate fedha zilezile za kodi. Na huko Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa kikienea migodini, kampuni ya Union Minière iliwarudisha makwao maelfu ya wachimba shaba.

Mwaka 2009 mambo yakajirudia kwa namna nyingine. Bei ya pamba iliporomoka, watalii wakapungua, na serikali ya Tanzania ikalazimika kutenga fedha za kuwaokoa wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara. Mkulima wa Shinyanga hakupata kumkopesha mtu nyumba Marekani, wala hakununua hisa New York; hata hivyo alilipia sehemu yake. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

YATUPASAYO

Mwezi wa Mei 1931, katikati ya msiba ule, Baba Mtakatifu Pius XI alitoa Waraka wake uitwao Quadragesimo Anno, miaka 40 baada ya Leo XIII kuandika juu ya haki za wafanyakazi. Alionya kwamba katika nyakati zake si mali tu iliyokusanyika kwa wachache, bali pia nguvu ya kuamua nani akopeshwe na nani anyimwe. Na nguvu hiyo mara nyingi ilikuwa mikononi mwa watu wanaotunza mali ya wengine, si yao wenyewe. Alifundisha kwamba ujira wamtosha mfanyakazi ukiweza kumlea yeye na jamaa yake. Tukiyasoma mafundisho hayo pamoja na hesabu tulizoziona, twatambua kwamba ujira wa haki ni wajibu wa dhamiri, na pia ni nguzo inayoishika nyumba ya wote, hata ya tajiri.

Basi tuchukue mambo matatu.

La kwanza ni juu ya ujira. Mwenye kuajiri, hata kama ni mtumishi mmoja wa nyumbani au vibarua watatu wa shamba, asiuone ujira kuwa hasara. Fedha anayolipa leo itarudi kesho dukani, sokoni na shuleni. Na ujira ucheleweshwao ni mkopo ambao mnyonge amelazimishwa kumkopesha mwenye nguvu, tena bila riba.

La pili ni juu ya deni. Iko mikopo ijengayo, kama ya mbegu, ya cherehani au ya ada ya ufundi. Na iko ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, ipatikanayo upesi hata kwa simu, na kulipwa kwa machozi. Baba na mama waketi pamoja wahesabu: deni hili lanunua kitu kitakacholeta fedha, au laziba tu pengo la ujira usiotosha? Kama laziba pengo, halitaliziba kwa muda mrefu. Ni heri chama cha akiba na mikopo, au kikoba cha majirani, ambamo mkopeshaji na mkopaji ni mtu yuleyule, na faida yarudi kwa wanachama.

La tatu ni juu ya nchi. Kodi, usimamizi wa mabenki, bei ya mazao na haki ya wafanyakazi kuungana si mambo ya wataalamu peke yao. Ni mambo ya kila raia apigaye kura. Anayeomba kura aulizwe wazi: nyongeza ya mapato ya nchi yetu inaingia mikononi mwa nani? Akijibu kwa kutuonyesha majengo marefu, tumwulize tena juu ya ujira wa wale walioyajenga.

Marekani ilifundishwa somo hili mwaka 1929 kwa gharama kubwa, ikalishika kwa muda, kisha ikalisahau, nayo ikafundishwa tena mwaka 2008. Sisi tunaojenga bado tunaweza kujifunza kwa hasara ya wengine. Ghala la mmoja likijaa na vyungu vya jirani zake vikiwa vitupu, hata mwenye ghala hana usalama. Afadhali tulitambue hilo sasa, wakati mlango wa ghala ungali wazi.